Chumba cha chini kilimani Chake Chake: tathmini ya kazi ya mafundi waliokitengeneza

Nyumba nyingi za Chake Chake, kisiwani Pemba, zimejengwa juu ya miteremko, na kwa sababu hiyo baadhi yake zina chumba ambacho mjenzi hakukikusudia tangu mwanzo. Upande wa njiani nyumba huonekana ya kawaida, yenye baraza na mlango wake. Upande wa bondeni msingi umepandishwa hadi kupita kimo cha mtu, na baina ya ardhi na sakafu ya juu pamebaki nafasi iliyozungukwa na kuta, mbili au tatu kati ya hizo zikiwa zimeegemewa na udongo. Kwa kawaida nafasi hiyo hutupiwa mbao, magunia, baiskeli mbovu na vyungu, mlango ukafungwa, na wenyewe wakaishi juu yake miaka mingi huku wakilalamika kuwa nyumba ni ndogo. Nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo. Familia ilipoamua kuigeuza nafasi hiyo iwe chumba cha kutumika, kazi tuliwapa kikundi cha mafundi wanaotoka upande wa Wete, ambao hawana ofisi wala kibao na ambao sifa zao huenea kwa watu kupashana habari. Tathmini hii ni ya kazi yao, na hukumu yangu naitanguliza: katika mambo ya maji na hewa sijaona mafundi wa kulingana nao, na katika mambo ya ngazi, mwanga na hesabu wana mengi ya kurekebisha.

Anayetafuta mawazo ya kupamba chumba cha chini ya ardhi atayakuta mengi na mazuri, lakini karibu yote yametoka Marekani na Canada, na inafaa kuelewa kwa nini. Huko chumba hicho kimeletwa na baridi. Maji yaliyomo ardhini huganda wakati wa baridi kali, udongo ukafura na kuinua kila kilichojengwa juu yake, kwa hivyo msingi hauna budi kushuka chini ya kina cha mgando, ambacho mjini Toronto ni kiasi cha futi 4. Na mtu akishachimba kiasi hicho, kuongeza futi chache ili apate chumba kizima hakumgharimu sana. Akishakipata, shughuli yake kubwa ni kuzuia joto lisitoroke, na ndiyo maana picha zao zimejaa kuta za jipsamu zilizotiwa pamba ya kuhifadhi joto nyuma yake, na mazulia mazito kutoka ukuta hadi ukuta. Sisi hatuna mgando. Chumba chetu kimeletwa na mteremko, na adui yake ni mvua ya masika inayoteremka kilimani pamoja na hewa nzito ya bahari. Anayezichukua picha zile na kumpa fundi azinakili kama zilivyo, atakuwa amenunua chakula cha ukungu kwa bei ghali, kwa sababu ubao wa jipsamu umefunikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi yenye unyevu ndiyo ukungu unayoipenda kuliko kitu chochote.

Mafundi hawa walinishawishi kabla hawajashika mwiko, kwa namna walivyokagua. Mafundi wengine tuliowaita kabla yao waliingia chumbani, wakapima kwa macho, wakataja bei ya lipu na rangi. Hawa walitaka kwanza kuzunguka nje. Walitazama paa linamwaga maji yake wapi, uwanja wa nyuma umeinamia upande gani, na maji ya jirani aliye juu yetu yanapita njia ipi. Kisha wakarudi ndani, wakabandika vipande vya nailoni inayopenya mwanga katika kila ukuta na katika sakafu, wakaziba kingo zake zote kwa utepe, na kuviacha hapo siku mbili. Maana ya jambo hili nimeieleza kwa watu wengi tangu siku ile, kwa sababu halina gharama na kila mwenye nyumba anaweza kulifanya mwenyewe. Matone yakijikusanya nyuma ya nailoni, baina yake na ukuta, maji yanapenya kutoka udongoni. Yakikaa juu ya nailoni, upande wa mtu anayetazama, yanatokana na hewa ya chumbani iliyogusa kitu cha baridi. Dawa za maradhi hayo mawili ni tofauti kabisa, na anayeyachanganya hupoteza fedha zake. Katika chumba chetu ukuta wa mlimani ulikuwa na maji ya nyuma, kuta za pembeni zilikuwa na yote mawili, na sakafu ilikuwa inavuta unyevu kutoka chini.

Kwa hivyo kazi ilianza nje, na sehemu kubwa ya fedha zetu ilizikwa nje, mahali ambapo hakuna mgeni atakayeiona wala kuisifu. Nataka jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi wawaone mafundi hawa kuwa ni ghali. Walianza kwa kuweka milizamu katika ukingo wote wa bati upande wa mlimani na kuyapeleka maji ya paa mbali na msingi kwa bomba. Wakaparua uwanja ili uiname kutoka kwenye nyumba badala ya kuiinamia. Kisha wakachimba handaki kando ya ukuta wa mlimani hadi karibu na kitako cha msingi. Hapa niliona ustadi ambao unaweza kumponza asiyeujua: hawakulichimba handaki lote kwa mara moja. Walichimba kipande, wakakimaliza na kukifukia, ndipo wakahamia kipande kingine, kwa sababu msingi uliovuliwa udongo urefu wote unaweza kuteleza, hasa mvua ikinyesha ghafla wakati handaki liko wazi.

Ndani ya handaki waliusugua ukuta, wakaziba nyufa, wakaupaka lami mara mbili. Chini wakatandaza kokoto, wakalaza bomba lenye matundu lililofungwa kitambaa cha kuchujia ili udongo usiingie, wakalipa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, na kulifukia kwa kokoto hadi karibu na juu. Mdomo wa bomba unatokea upande wa bondeni, kwenye migomba. Nilimuuliza fundi mkuu, ambaye vijana wake wote wanamwita Baba, kwa nini asiridhike na lami peke yake, kwa vile lami haipitishi maji. Akanijibu, "Mwanangu, hii lami ni nguo tu. Maji yakishasimama nyuma ya ukuta yataitafuta tundu mpaka yaione, sasa dawa ni kutoyaachia yakasimama." Jibu hilo lina hesabu nyuma yake: maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 1.5 nyuma ya ukuta huisukuma sehemu yake ya chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja na nusu kwa kila mita ya mraba, na hakuna rangi wala dawa ya kupaka kwa ndani itakayoshindana na msukumo huo kwa muda mrefu. Rangi ya kuzuia maji inayopakwa upande wa chumbani, ambayo maduka mengi ya vifaa vya ujenzi huinadi, husukumwa na maji kutoka nyuma yake hadi ikavimba na kubanduka. Lipu ya saruji iliyokuwemo chumbani mwetu kabla, kazi ya fundi mwengine wa zamani, ilikuwa imekwisha kwa namna hiyo hiyo.

Kuhusu kimo cha chumba palitokea mabishano kidogo baina yao na kaka yangu, aliyetaka sakafu ishushwe zaidi ili chumba kipate hadhi. Mafundi walikubali kushusha kidogo tu na kukataa kwenda chini ya kitako cha msingi, na katika hilo nipo upande wao moja kwa moja, kwa sababu anayechimba ndani chini ya msingi wa nyumba yake anauondolea ukuta kile unachokikalia. Sasa kutoka sakafuni hadi dari ni futi 7 na inchi 4. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu nyingi za Marekani hutaka chumba cha chini kinachokaliwa na watu kiwe na kimo kisichopungua futi 7, kwa hivyo hatukupungukiwa na kitu. Kanuni hizo hizo hutaka chumba cha kulala cha chini kiwe na dirisha ambalo mtu anaweza kulitumia kutokea moto ukizuka, na hilo ni jambo ambalo ningependa kila mwenye nyumba wa kwetu alichukue, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Ndani, mafundi walibandua lipu yote ya zamani na rangi ya mafuta iliyokuwa juu yake mpaka mawe yakaonekana. Walisugua kwa brashi kavu chumvi nyeupe iliyokuwa imetoka ukutani, na wakatahadharisha kwamba isioshwe kwa maji, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Chumvi hiyo kwa kiasi kikubwa huletwa na mchanga wa pwani ambao haukuoshwa vizuri kabla ya kuchanganywa, na ubaya wake ni kuwa huvuta unyevu wa hewa, kwa hivyo ukuta wenye chumvi hutota hata siku ambayo hakuna mvua. Baada ya hapo walituacha. Walisema ukuta lazima ukauke msimu mzima wa kusi kabla ya kupigwa chochote, wakafunga vifaa vyao na kwenda zao. Mama alikasirika, maana alishaona fedha zimetoka na chumba kipo uchi, lakini kusubiri huko ndiko kulikoiokoa kazi.

Waliporudi walipiga lipu ya chokaa na mchanga, na juu yake chokaa nyeupe ya kupaka, si rangi ya mafuta. Wapo watakaouona uchaguzi huu kuwa wa kizamani. Mimi nauona kuwa ndio uamuzi bora katika kazi nzima. Lipu ya chokaa huacha unyevu mdogo uliobaki ukutani utoke pole pole ukauke chumbani, ilhali saruji ngumu na rangi ya mafuta huufungia ndani. Tena chokaa kwa asili yake ni kali, na ukungu hauoti juu yake kwa urahisi. Mababu zetu waliijua kazi hii. Katika magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, kule Pujini, yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 15, mna chumba kilichochimbwa ardhini chenye ngazi za kuteremkia, na ukutani mwake kumebaki umbo la siwa, yaani baragumu ya watawala, lililotengenezwa kwa lipu. Anayetilia shaka lipu ya chokaa chini ya ardhi ya Pemba aende akalitazame. Ubaya wa chokaa ni kwamba huchafua nguo ya anayeuegemea ukuta na hutaka kurudiwa kila baada ya muda. Sisi tumeliepuka la kwanza kwa kuweka ubao mwembamba wa mvule kwa urefu wa bega pande zenye viti, ukiwa umeachwa nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma yake.

Sakafu ilitandazwa kokoto, juu yake nailoni nzito iliyopandishwa kidogo kwenye kuta, kisha zege, kisha niru, yaani saruji laini ya kumalizia. Mama alitaka marumaru zinazong'aa. Fundi alimwambia kwa adabu, "Mama, marumaru nitakuwekea ukitaka, lakini wakati wa masika zitatoa jasho na watoto watateleza." Mama alikubali niru, ametandika mikeka, na mikeka hiyo huinuliwa na kuanikwa juani. Zulia la kugundishwa sakafuni lilikataliwa na kila mtu, na sidhani kama lina nafasi katika chumba chochote cha chini visiwani humu.

Sasa kuhusu hewa, ambayo ndiyo sehemu iliyonifundisha zaidi. Udongo wa kina hiki hubaki karibu na wastani wa joto la mwaka, ambalo kwetu ni kiasi cha nyuzi 26, na ukuta unaoegemea udongo hukaa hapo hapo. Mwezi wa Aprili hewa ya nje imebeba mvuke mwingi kiasi kwamba ikipoa kidogo tu chini ya nyuzi hizo huanza kuacha maji. Matokeo yake ni kwamba mwenye nyumba anayefungua madirisha yote wakati wa masika kwa nia njema ya kukikausha chumba, anakitia maji. Mafundi walitoboa matundu mawili yanayokabiliana, moja chini upande wa bondeni na moja juu karibu na dari, na walikataa kuyaacha wazi: kila moja lina kifuniko cha mbao chenye wavu wa mbu. Maelekezo yao ni kuyafungua mchana wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa ya baridi kidogo na kavu kuliko miezi mingine, na kuyafunga siku za mvua, feni ndogo ikizungusha hewa ya ndani. Nimenunua kipimio kidogo cha unyevu kinachotundikwa ukutani. Kabla ya kazi kilionesha zaidi ya asilimia 85 kila nilipokitazama. Masika yaliyopita, baada ya kazi, kilicheza baina ya 70 na 75, na wakati wa kusi hushuka chini ya 65. Inapozidi asilimia 70 kwa muda mrefu ukungu huanza, kwa hivyo kwa wiki chache za masika tunawasha mashine ya kuvuta unyevu, milango na matundu yakiwa yamefungwa, na maji inayoyakusanya humwagiwa migomba. Mashine hiyo inakula umeme, na wanaoinunua waliweke hilo katika hesabu tangu mwanzo.

Matumizi tuliyokipangia chumba yamebadilika tangu tuanze kukitumia. Tulikusudia kiwe chumba cha wageni. Mafundi wenyewe ndio waliotushauri tusilaze mtu humo mpaka dirisha la bondeni lipanuliwe kiasi cha mtu mzima kupita, na kwa kuwa halijapanuliwa, hakuna anayelala. Badala yake kimekuwa chumba cha kushonea cha dada yangu, ambaye zamani alikaa na cherehani ukumbini na vitambaa vyake kila mahali. Jioni ni mahali pa watoto kudurusu masomo ya skuli na ya chuo cha Kurani. Miezi ya kaskazi, bati la juu linapowaka, chumba hiki ndicho chenye ubaridi wa kuvumilika katika nyumba nzima, na saa za mchana utawakuta wazee wote wamo humo. Kulipokuwa na shughuli ya arusi, sufuria kubwa, majamvi na viti vya kukodi vilikaa huko bila ya kumzuia mtu kupita juu. Ningemshauri mwenye chumba kama hiki akifikirie kwanza kwa kazi za mchana za namna hii, kabla ya kukimbilia kitanda na televisheni.

Yapo mambo ambayo hayafai kuingizwa humo, na mafundi walikuwa wakali juu yake kwa haki. Mtungi wa gesi ya kupikia usiwekwe chumba cha chini hata ukiwa mtupu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kujikusanya sakafuni ikingoja cheche. Jenereta na jiko la makaa ni hatari zaidi, kwa vile moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua waliolala, na chumba chenye matundu madogo hakiwezi kuitoa. Vyeti, hati za shamba, misahafu ya zamani na picha za familia zikae juu. Nawasisitizia wenzangu wa Pemba kuhusu karafuu, kwa sababu katika mavuno makubwa kila nafasi tupu hutazamwa kama ghala: karafuu iliyokauka vizuri juani ikiwekwa chumba cha chini hunyonya unyevu tena, ikaota ukungu na kushuka daraja, na jasho lote la uchumaji likapotea kwa sababu ya kuokoa nafasi.

Kasoro za mafundi hawa nazo zisemwe kwa uwazi huo huo. Kubwa kuliko zote ni ngazi. Walijenga ngazi ya ndani ya zege, na vidato vyake havilingani: vya juu vina inchi 7, cha mwisho kina karibu inchi 9. Mguu wa mtu huzoea kimo cha vidato viwili vitatu vya mwanzo na kutegemea vilivyobaki viwe hivyo hivyo, kwa hivyo tofauti ndogo ya chini kabisa ndiyo inayoangusha watu, hasa aliyebeba mzigo asiyeona miguu yake. Bibi hateremki kabisa. Tulipowaambia walisema watasawazisha kwa kuongeza niru, jambo ambalo linahitaji kufanywa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha mwisho, na mpaka sasa hawajalifanya. Pia hawakuweka mkono wa kushikia. Inashangaza kwamba watu walioulinda msingi kwa uangalifu ule walichukulia ngazi kuwa ni kazi ya kibarua.

Kasoro ya pili ni mwanga. Matundu ya hewa waliyafikiria sana, ila nuru hawakuifikiria hata kidogo. Dirisha moja la bondeni lingeweza kupanuliwa wakati ukuta ukiwa wazi na mafundi wapo, na boriti ndogo tu ya zege juu yake ingetosha. Sasa itabidi lipu mpya ivunjwe. Chokaa nyeupe inasaidia kuisambaza nuru iliyopo, na dada yangu amehamishia cherehani chini ya dirisha, lakini upande wa mlimani taa huwaka mchana kutwa. Umeme wenyewe ulifanywa na fundi mwengine waliyemleta wao, naye alifanya kazi safi: soketi zote ziko juu kiasi cha mita 1 kutoka sakafuni, na ipo swichi inayokata umeme mara tu unapovuja. Katika chumba chenye unyevu swichi hiyo si ya anasa, na mwenye kutaka kupunguza gharama apunguze kwengine.

Kasoro ya tatu ni maandishi. Bei waliitaja kwa jumla, kwa mdomo, na kila tulipouliza mchanganuo wa kokoto, bomba na saruji tulipewa makisio mapya. Hatuwatuhumu wizi, kwani vifaa tulivishuhudia vikiingia, lakini mtu asiye na subira atagombana nao. Mwisho wa yote gharama ilikaribia ile ya kujenga chumba kipya cha kawaida uani, na kwa mwenye uwanja mpana huenda chumba cha uani kikawa uamuzi wa busara zaidi. Sisi hatuna uwanja mpana, mteremko umeula. Ninachoshauri ni kuwataka waandike vipengele vya kazi kabla ya kuanza, na kubakiza sehemu ya malipo mpaka masika ya kwanza yapite, kama tulivyofanya sisi. Walikubali sharti hilo bila ya kinyongo, na mvua zilipoanza mmoja wa vijana alikuja mwenyewe kuutazama mdomo wa bomba, akaondoa majani yaliyoukinga, na kuhakikisha kwamba shimo dogo la kukusanyia maji lina mfuniko uliokaa sawasawa ili mbu wasizaliane humo.

Jirani yetu wa chini, ambaye nyumba yake iko bondeni kabisa na ambaye ana chumba kama chetu, alivutiwa na kazi hii akawaita. Walikagua kama walivyokagua kwetu, wakamwambia kwamba kwake hakuna mahali pa chini zaidi ambapo bomba lingeweza kutokea, kwamba angelazimika kutegemea pampu, na kwamba pampu ingehitajika zaidi katika usiku ule ule wa dhoruba ambao umeme hukatika. Wakakataa kazi yake, na kumshauri akijaze chumba hicho kifusi, akishindilie vizuri, na fedha alizokusudia azitie katika kuongeza chumba juu.